Wapangaji wa Jina Moja

Mpangaji wa kwanza alibisha hodi Jumapili, wakati Bi Ivorine Dehaney yuko jikoni anakuna nazi. Alikunia bati alilolitoboa mwenyewe kwa misumari, na alikuwa na haraka, maana mjini Puerto Tasajo Jumapili isiyo na wali wa maharage na tui huhesabiwa kuwa haikuja. Nje mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake. Bibi akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda kufungua.

Mlangoni alisimama mtu mfupi mwenye koti la kijivu, hana mzigo wowote.

"Natafuta chumba, Bi mkubwa," akasema.

"Jina?"

"Set."

Bi Ivorine akamwangalia juu mpaka chini. Alikuwa amesoma shule ya Kiingereza ya kanisani, kama watu wote wa pwani ile ambao babu zao waliletwa kutoka visiwani, wengi wao Jamaika, kujenga reli, na neno alilijua mara alipoliona. "Yupi katika wale?" akauliza.

"Wa kutega mitego."

"Chumba cha tatu. Choo kiko uani. Mitego yako iache nje, nina paka."

Hakushangaa, na hakuwa na sababu ya kushangaa. Mwanzoni mwa mwezi ule, Don Evelio Carranza, mkaguzi aliyeletwa kutoka mji mkuu kule milimani, alikuwa ametia kufuli shule ya Kiingereza. Alisema nchi ni moja na lugha ni moja, nayo ni Kihispania. Kisha akaondoka na ufunguo bila kufungua shule nyingine yoyote. Watoto wakaenda kucheza kriketi. Lakini maneno yaliyokuwa yakiishi mle ndani tangu enzi za reli, yakilala chini ya madawati na kula chaki, yakajikuta barabarani. Maneno marefu hayakupata taabu. Neno refu la Kiingereza huishi kama mtawa: lina maana moja, sanduku moja, na shangazi mmoja huko Kingston. Hayo yalipanda meli ya kwanza ya ndizi yakaenda zake. Yaliyobaki ni mafupi, na neno fupi la Kiingereza, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuchapwa kwa ajili yake, lina ukoo.

Ukoo wa Set ulizidi koo zote. Kabla wiki haijaisha walikuwa wamejaa vyumbani na wengine wamelala ukumbini, na wote waliitika jina hilohilo. Bi Ivorine akiita, "Set, chai," walikuja wote, na birika likaisha. Ikabidi atumie dawa ya pwani. Pwani ile mtu haitwi jina lake. Hubatizwa Nathaniel, akaishi akiitwa Kijiko, na ni siku ya maziko tu, mchungaji anaposoma, ndipo majirani hujua kwamba miaka yote waliishi na Nathaniel. Kila mtu ana jina la nyumbani, na hilo ndilo jina hasa. Basi Bi Ivorine akakaa barazani na mwiko mkononi, akawapa majina mmoja mmoja, kila mtu kwa kadiri ya kazi yake duniani.

Alikuwapo Set wa Mitego, ambaye tayari tunamjua. Alikuwapo Set wa Jua, ambaye jua lilikuwa halizami mpaka yeye akubali. Set wa Saa hakuweza kupita karibu na saa ya mtu bila kuisogeza mshale. Set wa Meza aliandaa meza mara tu ilipopanguswa, watu wakajikuta wanakula bila njaa. Set wa Vikombe hakuwa mtu mmoja bali sita, na visahani vyao. Set wa Uji alikuwa mnyamavu, na kitu chochote cha majimaji kikikaa karibu naye kiliganda, kwa hiyo alikatazwa jikoni na kuruhusiwa kwenye saruji ya uani, ambako alifanya kazi nzuri. Mzee wao alikuwa Set wa Mfupa, mwunga mifupa, mwenye vidole virefu na maneno machache.

Wakaja na binamu zao, Sit na Seat, ambao majina yao yanafanana na la akina Set kiasi kwamba mtu wa milimani hawezi kuyatenganisha hata umlipe. Sit aliingia, akakaa. Seat yeye alikaliwa kabla hajajitambulisha, maana Bi Icilda, jirani muuza sambusa, alikuwa ametembea juani tangu asubuhi na hakutazama vizuri.

"Ivorine, kiti chako kinaguna," alisema Bi Icilda.

"Si kiti hicho, ni mpangaji. Inuka umsalimie."

"Ningejua ni mtu na heshima zake nisingekula mikate mitatu." Akainuka, akamsalimia, akamwomba radhi, kisha akakaa tena, kwa sababu Seat alisema hana neno, ndiyo kazi yake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna aliyekuwa na cha kulipia chumba, kwa hiyo Bi Ivorine akawapangia kazi, na mji ukawazoea upesi. Wavuvi walimwomba Set wa Jua awaongezee nusu saa. Wanawake walimkodi Set wa Uji kwa ajili ya halua ya nazi. Set wa Mfupa alikuwa na foleni kila asubuhi: vibarua wa gatini walioangukiwa na makasha, watoto walioanguka miembeni, na kuku mmoja wa Bi Icilda. Aliushika mfupa, ukakumbuka ulipokuwa, ukarudi.

Kilichomkosesha Bi Ivorine usingizi hakikuwa wapangaji. Kilikuwa Delrita.

Delrita alikuwa mjukuu wake, binti wa binti yake marehemu, na alikuwa na kichwa chepesi tangu utotoni. Mwaka ule chuo cha wauguzi cha mji mkuu kilimkubali. Sare nyeupe ilikwisha shonwa na kuning'inizwa ukutani. Mkuu wa chuo alikuwa amemwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angepewa mwingine, na Delrita angebaki Puerto Tasajo kuwafulia mabaharia mashuka mpaka vidole vipinde, kama bibi yake.

Tatizo lilikuwa Peralto. Peralto ni kituo kidogo katikati ya mlima, ambapo askari huingia kwenye behewa na kudai hati za uraia. Watu wa pwani, weusi wote, hawakuwa nazo. Kwa hesabu ya serikali walikuwa wageni. Bi Ivorine alizaliwa chumba cha kwanza cha nyumba ileile, binti yake akazaliwa chumba hichohicho, na Delrita naye hapohapo, juu ya godoro ambalo lilibadilishwa maganda ya ndani tu, lakini wageni. Mara mbili Delrita alivaa sare yake akapanda treni ya asubuhi, na mara mbili akateremshwa Peralto na kurudishwa na treni ya jioni, ameketi kati ya mikungu ya ndizi.

"Walisemaje?" Bi Ivorine aliuliza mara ya pili.

"Walisema nirudi kwetu."

"Na wewe?"

"Nimerudi, Bibi. Si unaniona?"

Bi Ivorine alicheka, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Alikuwa mwanamke asiyependa kulia mbele ya wapangaji.

Don Evelio alikuja siku ya Alhamisi, chini ya mwavuli. Serikali ilikuwa na mkaguzi mmoja tu pwani nzima, kwa hiyo alikagua shule, vyoo na idadi ya watu kwa pamoja, na alikuja kwa hiyo kazi ya tatu. Alikuwa na lake jambo. Puerto Tasajo ikifikisha raia wa kutosha ingekuwa mkoa, na mkoa hupewa gavana, na Don Evelio alikwisha jipima kanzu ya ugavana kwa fundi. Mji ulijaa watu mpaka wanagongana, lakini raia walikuwa yeye, padri, askari, na wenye maduka walioteremka kutoka milimani. Alikuwa amewahesabu mara nyingi, na hawakuongezeka.

"Nimesikia nyumba imejaa," akasema. "Wapange mstari."

Wakapanga mstari mpaka uani. Don Evelio akafungua kalamu yake.

"Jina?"

"Set."

"Wewe?"

"Set."

"Na wewe?"

"Sit."

"Huyu?"

"Seat."

Don Evelio akashusha kalamu. Masikio yake yalilelewa milimani, na yote hayo yalikuwa mlio mmoja kwake. "Huyu ni mtu mmoja," akamwambia Bi Ivorine. "Mtu mmoja, kitanda kimoja. Vingine vyote viondolewe."

"Basi walaze wewe, Don Evelio, nione mfano."

Maneno hayo ya mkaguzi yalimuudhi Set wa Jua. Akakunja mikono. Jua likasimama juu ya paa la stesheni na halikuteremka. Hoteli ya bandarini, ambako Don Evelio alikuwa akila, haipakui chakula cha jioni mpaka taa ziwashwe, na taa haziwashwi mchana. Akakaa juu ya Seat akangoja. Set wa Meza akamwandalia meza, lakini kwa kuwa kazi yake huishia hapo, sahani zilikuwa tupu. Watu wakamaliza kazi za siku, wakalala, wakaamka, na jua bado liko palepale. Hapo Don Evelio akaomba mstari upangwe upya.

"Samahani," akasema. "Tuwahesabu kama watu mbalimbali."

Set wa Jua akakunjua mikono, na jua likazama kwa mwendo wake wa kawaida.

Mkaguzi alikuwa sasa ameanza kufikiri, na ukimwangalia unaona. Akamwita Set wa Saa mbele yake. "Umezaliwa wapi?"

"Ng'ambo."

"Baba yako?"

"Hajulikani vizuri. Wengine wanasema Wajerumani."

"Rangi?"

Set wa Saa akatazama mikono yake. Wenzake wakatazama ya kwao. Ukweli ni kwamba ulikuwa ukiwatazama unaona koti, kofia, urefu, hata uchovu; rangi ya ngozi huioni, kama usivyoiona rangi ya maji ndani ya bilauri. Don Evelio akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Pale penye nafasi ya rangi akaacha patupu. Akaandika raia. Akaandika na wa pili, na wa tatu, akawa anaandika huku anatabasamu, mpaka wino ukaisha akaazima.

Bi Ivorine alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Don Evelio," akasema, "si haya ndiyo maneno uliyoyafungia shule?"

"Niliyafungia yakiwa vinywani mwa watu wako, Mama. Yakiwa peke yake hayana kosa."

"Na mjukuu wangu? Kazaliwa nyuma ya ukuta huo unaouegemea. Mwandike naye, wino bado upo."

Don Evelio akamtazama Delrita, aliyekuwa akikunja mashuka mezani. Hakuwa mtu mkatili. Alimpa hata kiti Bi Ivorine, ingawa kiti chenyewe kilikuwa Seat. "Huyo ni suala gumu," akasema kwa upole. "Huyo anaonekana."

Hati ziligawiwa Jumapili iliyofuata bustanini, na bendi ya polisi ilipiga. Akina Set waliitwa mmoja mmoja kwa majina ya nyumbani aliyowapa Bi Ivorine, ambayo mkaguzi aliyaandika kuwa majina ya ukoo. Set wa Vikombe walipanda jukwaani wote sita na visahani, wakapewa hati kumi na mbili. Don Evelio alihutubia kwamba taifa limekua. Watu wa pwani walipiga makofi kutoka ng'ambo ya barabara, maana bustani siku za sherehe ilikuwa ya raia.

Uraia ni kitu cha ajabu. Hata neno hulevya. Kabla wiki haijakatika Set wa Saa alianza kuzungumza Kihispania mezani, na kujifanya hasikii akiitwa kuchota maji. Sit akawa anakaa upande wa kivuli tu, ule wa wenye maduka. Asubuhi moja Set wa Vikombe, wote kwa sauti moja, walisema kwamba siku hizi wageni wamezidi mji huu, na Bi Ivorine, aliyekuwa akiwamiminia kahawa, hakulitua birika. Alimaliza kumimina. Kisha akawapeleka uani akawaosha kwa majivu mpaka wakalia.

"Ungewavunja mmoja," alisema Bi Icilda kutoka upande wake wa uzio.

"Ningewavunja, lakini wangekuwa watano, na watano hawauziki."

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Delrita aliendelea kupiga sare yake pasi kila alasiri, ingawa haikuwa imevaliwa tena, na bibi yake hakumwambia aache. Alasiri moja Set wa Mfupa aliingia jikoni, akaiweka hati yake mezani kando ya pasi.

"Chukua, mwanangu," akasema.

Delrita akaitazama. Imeandikwa Set wa Mfupa, raia, kazi kuunga mifupa, rangi hakuna kitu.

"Na wewe je, Babu?"

"Mimi kazi yangu iko popote pana mguu. Mfupa haujapata kuniuliza hati."

Bi Ivorine akaweka chini kisu cha kumenyea. Alikuwa amechemka, na hakuficha. "Mjukuu wangu ana jina lake. Delrita Maud Dehaney. Maud ni la mama yangu. Nimembatiza kwa maji ya kanisa, mchungaji yuko hai, muulizeni. Leo akapande treni akiitwa neno? Mtu mzima aende kusoma akiwa maana ya saba ya kitu fulani?"

"Ya ishirini na mbili," alisema Set wa Mfupa, ambaye alipenda ukweli.

"Ndiyo mbaya kabisa," akasema Bi Ivorine.

"Bibi," akasema Delrita, "jina langu nimelipeleka Peralto mara mbili. Halipandi mlima."

"Litapanda siku moja."

"Nafasi inaisha Jumamosi."

Bi Ivorine akakichukua kisu tena, akamenya ndizi mbichi zote zilizokuwepo, hata za kesho. Alikuwa akimwona mama yake Maud, aliyekufa akiulizwa yeye ni wa wapi. Alikuwa akiviona pia vidole vyake mwenyewe juu ya kisu, vilivyopindia kwenye mashuka. Vidole vikashinda.

"Wakuite watakavyokuita," akasema hatimaye. "Lakini ukiwa peke yako chumbani, ujiite jina lako kwa sauti. Kila siku. Jina lisipotumika linaota kutu."

"Ndiyo, Bibi."

Ijumaa asubuhi alimsindikiza stesheni. Bi Icilda alileta sambusa za njiani na ushauri mwingi kuhusu wanaume wa milimani, ambao hajawahi kuwaona. Treni ikaondoka. Bi Ivorine akabaki ameketi kwenye benchi la stesheni na hakurudi nyumbani kupika; wapangaji walikula walichoandaliwa na Set wa Meza, yaani vijiko. Alikuwa akingoja treni ya kurudi. Aliomba Mungu isimlete mjukuu wake, na mara alipomaliza kuomba alitamani imlete, kisha akaomba tena radhi na kuanza upya.

Treni iliingia jioni na ndizi zake. Bi Ivorine akapita behewa moja baada ya jingine akichungulia kati ya mikungu. Delrita hakuwemo. Kondakta, jina la nyumbani Tarumbeta, alikuwa mtu wa pwani, na makondakta wa pwani nao huteremka Peralto na kuwapisha wa milimani. Alimkuta bibi anapekua majani.

"Amepita, Bi Ivorine," akasema. "Acha kuzichokoza ndizi za watu."

"Amepitaje? Niambie yote."

"Askari akaishika hati. Akasoma pale penye rangi, pako patupu. Akamtazama mtoto. Akairudia hati. Akamtazama tena mtoto. Nikasema leo tena. Halafu nikaona macho yake yanafanya kama kulegea hivi, na akaiamini hati. Akamuuliza, wewe ni maana ya nini? Mtoto akasema, ya kuunga mifupa. Basi jamaa akatoa goti lake, akasema linamsumbua tangu masika. Delrita akalifunga pale pale, vizuri sana, na jamaa akampigia saluti. Akamwambia, safari njema, bibi neno."

Bi Ivorine akakaa juu ya mkungu.

"Treni ya milimani ilipoanza kwenda," Tarumbeta akaendelea, na sasa alisema taratibu, "nilimpungia nikamwita. Delrita, nikasema. Hakugeuka. Askari alikuwa karibu. Sijui kama hakusikia au alikataa."

"Amefanya vizuri," alisema Bi Ivorine. "Ningemwona amegeuka ningempiga."

Alifurahi, na furaha ilikuwa ya kweli. Ilimjaa kifuani kiasi kwamba aliinuka na kumkumbatia Tarumbeta, jambo ambalo hajamfanyia tangu akiwa mtoto. Hasira ilikuja baadaye, njiani, mbele ya shule yenye kufuli. Ilikuwa kubwa kuliko furaha na haikuwa na mahali pa kwenda, kwa hiyo akaipeleka nyumbani, akapika mchuzi wa samaki wa tui na muhogo, akawapakulia wapangaji wote. Set wa Jua alimwangalia usoni, akaamua jua lizame mapema.

Don Evelio hakukawia kugundua. Alipowahesabu tena raia wake, alimkuta Set wa Mfupa hana hati. Sheria ilikuwa wazi, akasema, na yeye hakuitunga: asiye na hati ni mgeni, na wageni huripoti dawatini bandarini kila Jumatatu. Kuhusu mkoa hakuna kilichoharibika, maana kwa hesabu Set wa Mfupa alikuwa mji mkuu anasoma uuguzi, tena kwa bidii. Mkuu wa chuo alikuwa ameleta salamu kwamba hajapata kuona neno la kigeni lenye mikono myepesi namna ile. Kanzu ya ugavana ilikwisha shonwa. Don Evelio aliivaa siku ya kuapishwa, na Set wa Uji, ambaye aliwekwa karibu mno, akaigandisha wanga wake mpaka gavana akashindwa kukaa. Akaapa amesimama.

Jumatatu Bi Ivorine alivaa kofia yake ya kanisani, kwa sababu hakukubali kuitwa mgeni akiwa na kitambaa cha jikoni, akatoka na Set wa Mfupa. Foleni ilikuwa imezunguka ghala la forodha. Watu walimpisha mzee mbele, wengi wao wakiwa wametembea mpaka pale kwa miguu aliyoiunga. Dawatini alikuwapo karani mpya wa milimani, mwenye adabu na mafua.

"Umezaliwa wapi, mzee?" karani akauliza.

Set wa Mfupa akafikiri. Alikuwa hapendi kusema uongo. "Mbali," akasema. "Nchi ya baridi, zamani sana. Kulikuwa na mtu ng'ombe wake amevunjika mguu, na hakuwa na neno la kusema alichotaka kukifanya. Ndipo nikazaliwa, kinywani mwake. Baadaye nikachukuliwa na meli."

Karani akapenga kamasi, akaandika Jamaika.

"Na wewe, Mama?"

"Hapa," alisema Bi Ivorine.

"Hapa wapi?"

"Nyumba ya nyuma ya stesheni, chumba cha kwanza. Geuka, paa lake unaliona kutoka hapo ulipokaa."

Karani akageuka kwenye kiti chake. Paa lilikuwepo, jekundu, limeoshwa na mvua. Akalitazama kidogo, akasema ni paa zuri. Kisha akachovya kalamu, akaandika Jamaika.